Ndama wa Sehemu ya Kwanza

Mwanzoni Dastan alifurahi. Ni mtafsiri gani wa video asiyefurahi watu wakitoka bandani bado wanabishana? Banda la video lilikuwa la Apolonia, mjane wa pale Bariadi aliyefuata mwenyewe televisheni na jenereta Mwanza mara tu biashara zilipoachiwa huru. Kazi ya Dastan ilikuwa kusimama kando ya kioo na kipaza sauti, ayageuze maneno ya wazungu kuwa Kiswahili, na Kisukuma pale Kiswahili kilipowachosha watu. Kazi aliipenda. Lakini ile filamu ya mji wa kioo ilimtoa roho.

Hadithi yenyewe haina mambo mengi. Miaka mingi ijayo watu wanaishi katika mji uliofunikwa kioo, magari yanaruka, chakula ni vidonge. Siku moja mtu anakohoa, kucha zinageuka bluu, na hujamaliza karanga zako nusu ya mji imekufa. Sehemu ya kwanza iliisha bila kusema ugonjwa ulitoka wapi. Sehemu ya pili nayo ikaishia kwenye mlipuko, kimya. Sasa wewe jaribu kuwaambia watu wa Bariadi kwamba nusu ya mji imekufa, halafu usiwaambie nani kauleta ugonjwa.

Basi kila mtu akajitungia jibu lake. Wakulima waliokuwa wakisubiri zamu kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba walisema ni dawa ya kunyunyizia pamba, imevuja ikanaswa chini ya kile kioo. Precious wa saluni alisema ni vile vidonge. Hakuna anayekaa mwaka mzima bila ugali akabaki mzima. Katekista Thomasi alisema ni adhabu. Alipoombwa aonyeshe ni wapi filamu inasema hivyo, akawaambia wasubiri sehemu ya tatu. Wote walimfuata Dastan atoe hukumu, maana ndiye mwenye Kiingereza. Walimfuata kwenye supu. Walimfuata kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Akiwaambia filamu haisemi, walimwona anawaficha.

Hayo angeyavumilia. Aliyemshinda ni mjomba wake, Mabula wa kijiji cha Kimali.

Mabula aliingia bandani siku moja ya mnada, ametoka kuuza dume, akakaa mbele kabisa na fimbo yake katikati ya magoti. Wenzake waliduwaa kwa magari yanayoruka. Yeye alimwona ndama. Na kweli ndama yumo: mwanzoni kabisa, kabla hata jina la filamu halijatokea, mtu mwenye koti jeupe anamchoma sindano ndama aliyefungwa kwenye chumba cheupe. Basi, haonekani tena. Filamu ilipokwisha Mabula alisimama.

"Hakuna aliyekohoa kabla ndama hajachomwa," alisema. "Sindano ndiyo mwanzo."

Dastan alikuwa na njaa, sauti imemkauka. Akajibu kwa kipaza sauti kwamba mchunga ng'ombe hata umpeleke mbinguni atakwenda kutazama ndama tu. Banda zima lilicheka. Mabula hakucheka. Alichukua fimbo yake akatoka.

Kaka wa mama hataniwi hivyo, tena mbele ya watu. Dastan alilijua hilo vizuri, akajiambia atamwomba radhi mnada ujao. Mnada ukaja na watu wake na mabishano yao, akasahau.

Na mjomba huyo ndiye aliyekuwa na maisha ya Dastan mkononi. Ng'ombe wa mahari ya Joyness, binti wa Nyalikungu, wilaya jirani ya Maswa, ambaye Dastan hakutaka mwingine, walikuwa kwenye zizi la Mabula tangu marehemu baba yake alipowaweka huko. Mwaka huo homa ya mapafu iliingia kwenye mifugo, serikali ikapiga marufuku ng'ombe yeyote kuvuka wilaya bila kuchanjwa. Mzee Joakim, baba yake Joyness, alikuwa ameshatoa kauli: ng'ombe wafike kabla ya mvua za kulimia, la sivyo yuko mwalimu pale Maswa anayepita-pita nyumbani kwake kuulizia binti. Halafu Constantine, mnunuzi wa ngozi, akaleta habari kwamba huko Kimali wapo watu waliowafukuza mabwana mifugo. Wanasema chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Wanasema wameona kwenye video.

Dastan akamwaza mjomba wake papo hapo. Hakuuliza ni watu gani. Angekuwa nani mwingine?

Mnada uliofuata alimkuta Mabula kwenye kivuli cha lori, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mjomba."

"Mwadila."

Akamwuliza kama ng'ombe wamechanjwa. Mabula akamjibu aje Kimali aone mwenyewe. Dastan alijua kitakachomngoja Kimali: atawekewa kigoda, apewe maziwa ya mgando, kisha aelezwe habari za yule ndama mpaka jua lizame. Akajitahidi kusema kwa upole kwamba ile ni filamu tu, watu wanaigiza, kucha zimepakwa rangi.

"Najua wanaigiza. Unanionaje?" alisema Mabula. "Ila aliyeitunga aliweka ndama. Kwa nini aliweka ndama?"

Swali hilo ndilo lililomchoma Dastan zaidi. Mnada baada ya mnada ikawa ni hivyo hivyo. Yeye anauliza chanjo, mjomba anasema njoo Kimali. Alirudi bandani kila mara kwa hasira, akamwambia Apolonia kwamba atakufa kapera kwa sababu ya ndama wa wazungu.

Hatimaye sehemu ya tatu ilifika na basi la Mwanza. Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kanisani, Dastan aliitazama peke yake na Apolonia. Karibu na mwisho daktari mmoja mzee, mwanamke, anaketi kitini na kueleza kila kitu. Ugonjwa ulianzia kwenye sindano. Sindano ya yule ndama.

Dastan akarudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena, akajishika kichwa.

Apolonia aliona mambo kirahisi. Pale picha ni uso wa bibi anayeongea tu, hakuna sindano wala ndama. Basi aseme ni upepo uliopenya kwenye ufa wa kioo, na waliopona ni waliochomwa sindano. Nani atajua? Mjomba atakuwa ameshindwa, ng'ombe watachanjwa, harusi itafungwa. Dastan alikubali kabla hajamaliza kumsikiliza.

Mchana banda lilifurika, watu wakakaa hadi mlangoni. Mabula alikuwa mbele, fimbo katikati ya magoti. Yule bibi alipoketi kitini, hata watafuna karanga walinyamaza. Dastan akainua kipaza sauti. Neno upepo lilikuwa tayari ulimini. Ndipo akaona mjomba hatazami filamu kabisa. Anamtazama yeye.

"Anasema ni sindano," alisema Dastan, na sauti ikamtoka ndogo. "Ya yule ndama. Mjomba wangu aliwaambia tangu sehemu ya kwanza."

Banda lililipuka kwa kelele. Waliosema dawa ya pamba walidai warudishiwe kiingilio, katekista akasema mkanda umekatwa. Dastan hakusikia vizuri. Alikuwa akimwona Joyness ameketi nyuma ya baiskeli ya yule mwalimu wa Maswa. Alikuwa akiiona Kimali nzima inawafukuza mabwana mifugo, na yeye ndiye aliyewapa ushahidi.

Mabula alisimama, akangoja mpaka watu waliposhiba kelele.

"Mmesikia. Nilisema kweli," alisema. "Sasa hiyo ni filamu yao, na mambo ya humo yabaki humo. Ng'ombe wangu niliwachanja siku ile ile mabwana mifugo walipofika. Wenzangu wa ng'ambo ya mto waliwafukuza, na sasa wanachuna ngozi za mizoga."

Dastan alishusha kipaza sauti. Alisogea mpaka kwenye benchi la mbele akamwuliza, karibu kwa kulia, kwa nini hakumwambia muda wote huo.

"Nilikuambia uje uone. Wana alama za chanjo masikioni, wote, na wako pia. Kama ungekuja ungeziona." Mabula alimtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Toka mavuno hujaja kuwatazama ng'ombe unaooa nao. Unanifuata mnadani kubishana habari za sindano. Nikasema huyu ngoja, siku akija atawachukua."

"Nitakuja, mjomba. Hata kesho."

"Njoo. Yule jike mweupe wa baba yako amezaa," alisema Mabula, akiitafuta njia ya kutokea kati ya miguu ya watu. "Ndama ameshaanza kula majani, na wewe hata hujui kama yupo."