Kiwavi Mdomoni

Dolphine alikuwa ameapa mbele ya waongoza wageni wenzake: simu haitatoka mfukoni mpaka makinda waruke. Wala hakulazimishwa na mtu. Yeye ndiye aliyelileta jambo hilo kikaoni, kwa sauti kubwa, akimkodolea macho mmoja mmoja kana kwamba wao ndio wenye tabia mbaya.

Ndege mwenyewe ni kitu kidogo tu, cha manjano iliyofifia, mla wadudu asiyejua kuishi popote ila ndani ya mafunjo ya ziwani. Mapema mwaka huo watu waliyachoma mafunjo ili wapate mahali pa kulima, na upande huu wa Kisumu kikabaki kichaka kimoja, na ndani yake kiota kimoja. Tangu akione, Dolphine alikuwa akiamka kwake mtaani Manyatta na jambo la kwanza kulifikiria ni wale makinda.

Kwenye simu hiyo alikuwa na sauti ya dume wa kiota hicho, aliyoirekodi mwaka uliopita. Ukiicheza, maskini ndege hudhani kuna mwenzake aliyemvamia kwake, naye hutoka mbio kumfukuza. Hivyo ndivyo wageni hupata picha, na ndivyo makinda hushinda njaa.

Asubuhi hiyo mgeni alikuwa Mwalimu Nicodemus, mstaafu kutoka Bondo, ambaye macho yake yalikuwa yakififia mwezi baada ya mwezi. Alikuwa amekuja mara mbili kabla ya hapo na kurudi mikono mitupu. Kila mara alishukuru kwa upole, na shukrani hizo zilimuuma Dolphine kuliko matusi.

Walikaa mtumbwini mpaka jua likaanza kuwachoma shingo. Ndege alikuwa humo humo, akipita chini chini kupeleka chakula. Mafunjo yalitikisika, yakatulia, basi.

"Daktari ameniambia Krismasi nitakuwa naona kivuli tu," Mwalimu alisema, akiifunika kamera yake. "Lakini hakuna neno, mama. Nimesikia maji. Hata hiyo ni kitu."

Dolphine akashikwa na huruma. Mkono ukaingia mfukoni.

"Wewe Dolphine," Ouma, mpiga kasia, akasema nyuma yake. "Si ni wewe ulisema hiyo simu ikae? Watoto wa huyo ndege bado wako kwa nyumba."

"Mara moja tu, Ouma."

"Hiyo mara moja yako mimi siipendi."

Akabonyeza. Dume akachomoka, akatua juu ya bua peupe kabisa, akajivimbisha na kumpigia kelele adui asiyekuwepo. Jike naye akatoka.

"Wapi? Wapi, mama?" Kamera ya Mwalimu ilikuwa ikihangaika huku na huku.

"Hapo kushoto, Mwalimu. Kushoto kidogo."

Akabonyeza tena, kisha tena. Alijua vizuri kabisa anachofanya, na bado aliendelea.

Ouma ndiye aliyemwona dudumizi kwanza, lile dege zito la kahawia linalojulikana kwa kuiba makinda. Akapiga maji kwa kasia, akapiga na ukelele. Dudumizi akainuka kutoka palepale penye kiota, bila haraka yoyote, akaenda zake. Dolphine akaizima simu. Aibu ikamchoma mpaka masikioni.

Mwalimu hakuona lolote. Alikuwa ameinamia kamera, akiikuza picha mpaka ndege akakijaza kioo chote.

"Nimemuona!" Alicheka huku machozi yakimtoka. "Nimemuona na rangi yake yote! Mungu akubariki, mama." Akasogeza kioo karibu zaidi na jicho. "Na hii kijani amebeba kwa mdomo ni nini?"

Dolphine akachungulia.

"Ni kiwavi, Mwalimu."

"Kumbe analisha! Ako na watoto?"

Ouma akageuza uso akatazama ziwa. Dolphine akaisukuma simu chini kabisa ya mfuko.

Mbele yao dume, adui wake akiwa amenyamaza, alishuka upesi akazama katikati ya mafunjo, palepale penye kiota. Alikaa humo kidogo. Kisha akatokea, akawa anaruka bua hadi bua akiita, na yule kiwavi bado alikuwa naye mdomoni.