Chupa Zilizosafishwa Mno

Mjomba alikuwa na mwaka wa sita tangu astaafu ufundi wa maabara, mpwa wake alipompigia simu. Binti huyo ndiye aliyerithi chumba chake cha kazi, chenye rafu za taa nyeupe na chupa za mwani mdogo wa kuelea majini, usioonekana kwa macho matupu.

"Mjomba, mwani wangu unakufa! Nimetia dawa ya kuua bakteria, hakubaki hata mmoja. Sasa unachujuka tu."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa, kisha akavaa viatu akaenda.

Mlangoni harufu ya spiriti na maji ya bwawa ilimpokea, akasimama. Alijiona kijana tena, mjuaji kupindukia, akiapa kwamba bakteria ni uchafu na atautokomeza. Mwenzake wa zamu, mwanamke wa maneno machache waliyemwita Mama Chupa, alimtazama wiki nzima akisafisha. Mwani ulipopauka kama nyasi zilizolaliwa na jiwe, ndipo Mama Chupa alipochota maji ya bwawa, akayachuja wakabaki bakteria peke yao, akadondosha matone mawili kwenye chupa.

"Umeufukuzia mpishi," alisema. "Mwani huu haujui kujitengenezea vitamini. Bakteria wanaupa, nao unawavujishia sukari."

"Wote?"

"Wapo wanaoutafuna pia. Wewe umefagia wema na wabaya."

Kijana alinuna siku tatu. Ya nne chupa ikawa kijani, naye akasogeza kiti chake kwenye meza ya Mama Chupa. Walikaa hivyo miaka kumi na tisa, akimsikia akiziimbia chupa kwa sauti ya chini, mpaka maradhi yalipomchukua mwanamke huyo. Neno asante hakuwahi kumwambia. Mwanzoni aliona haya, baadaye akadhani anajua.

"Mjomba, unalia?"

"Spiriti hiyo. Niletee maji ya bwawa."

Wakachuja pamoja, bega kwa bega, binti akadondosha mwenyewe. Baada ya siku tano alimwita tena aje aone. Chupa zote zilikuwa kijani kibichi.

"Nani alikufundisha haya?"

Mjomba akavuta kiti. Akamtaja Mama Chupa kwa jina lake kamili, ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka mingi, akaanza kumsimulia tangu siku ile ya kwanza. Mpwa wake akafunga daftari, akasikiliza.