Hii Haikamuliwi

Niliyaona yote mimi mwenyewe, asije mtu akasema nimesimuliwa, nilikuwa juu ya ngazi nje ya dirisha la jikoni la dobi, napaka fremu rangi ya kijani aliyoichagua mwenyewe kisha akaijutia, na hata aliyoyawaza niliyaona, maana dobi akiwaza midomo yake hucheza, na midomo naisoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma kitabu shuleni, si kwamba nilikaa sana huko... basi tone likaanguka, likafuata jingine, na dobi amesimama mbele ya meza, mikono imening'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani, anaangalia kitambaa cha kuchujia, kahawa inashuka kwa kujivuta, nyeusi, haina haraka na mtu, na sebuleni wanamngoja, wanangoja kahawa na wanangoja neno lake, kwa sababu ameshawaambia, nikirudi na kahawa nitasema, na neno lenyewe analo, amelipiga pasi tangu asubuhi, rudi mwanangu mkayamalize wenyewe, basi, maneno machache, halafu binti achukue mkoba wake, aingie kwenye gari la kaka wa mume wake, gari liondoke, na yeye akae chini, akae tu chini, jamani, miguu imejaa, mgongo umeanza kudai haki yake tangu jana na leo una shuka za nyumba nzima ya wageni zinazoungoja, na hapa amesimamishwa na kahawa... kahawa gani hii, ingechemshwa ingeshanywewa na vikombe vikaoshwa, lakini binti kasema yake haioni moto, kajifunza kwenye ule mkahawa alikofanya kazi kabla ya kuolewa, unaisaga chengachenga, isiwe unga, unaitia kwenye mtungi wa kioo, unajaza maji baridi, unakoroga kidogo tu kahawa yote ilowe, unafunika, unaiweka kwenye friji mpaka kesho, "Mpaka kesho?" aliuliza yeye, "mtu ana hamu ya kahawa leo anywe kesho?" na binti akasema, "Ilale, baba. Na wewe kalale," na yeye hakulala, alikuwa akiamka kuifungulia friji na kuichungulia kama mgonjwa aliyelazwa.

"Wewe Dobi, umekwenda kuipanda hiyo kahawa?" hiyo ni sauti ya dada yake kutoka sebuleni, dada yake mkubwa, shangazi wa binti, kakalia kiti kizuri kile chenye mito, na kaka wa mkwe anacheka, kicheko cha mtu anayetaka kuondoka, funguo zinalia mkononi mwake, chringi chringi, tangu alipofika hajaziweka chini, "Mzee, mimi gari nimeshaligeuza, linatazama getini," ameligeuza, kabla ya salamu ameligeuza, dobi alilisikia likirudi nyuma na kwenda mbele nje ya ukuta akadhani mtu anatafuta kivuli... na binti haongei, au anaongea chini sana, tone, tone, kitambaa ni melimeli, kipande alichokikata mwenyewe kutoka shuka la zamani, kisafi, hakina buluu ya kung'arishia wala wanga, amekifua mara ngapi sijui kisije kikaipa kahawa harufu ya sabuni, maana pua ya binti kwa kahawa ni pua ya mbwa wa polisi, na siku ile ya kwanza, siku ya mtungi wa kwanza, binti alikwenda kuoga akamwambia baba niangalizie inachujika, niangalizie tu, na yeye akaangalia, akaangalia, akaona kitambaa kimejaa, kizito, kinadondosha tone mojamoja, mikono ikamtangulia, miaka yote hii mikono imekula mshahara kwa kazi hiyo moja, akakikamata juu na chini, huu kulia huu kushoto, akakinyonga kama taulo la bwawa la kuogelea, ikatoka, ikatoka mpaka povu, akajiona fundi, akamimina kwenye glasi, ikawa na tope, na ilipofika ulimini ikawa shubiri, binti akatoka bafuni na nywele zinadondosha maji, akatazama glasi, akamtazama usoni, "Baba. Umeikamua?" "Nimeikamua ndiyo, niyaache maji yote mle ndani?" na binti akacheka, tangu aje ndio kwanza anacheka, akasema, "Hii haikamuliwi, baba. Ukiikamua unautoa uchungu wote ulioganda kwenye mashapo. Iache idondoke, ikiisha imeisha," na yeye akajitetea, akasema hata sweta ya sufu haikamuliwi, hilo najua, unaiviringisha kwenye taulo ukaikandamiza, lakini nani alijua kama kahawa nayo ni sufu, na wakacheka wote wawili, ilikuwa vizuri, angeishia hapo ingekuwa vizuri... hakuishia hapo. Mikono ilishapata moto. Binti hajamaliza hata kufuta meza, yeye keshamshika, si kwa mikono, kwa maneno, kakufanya nini huyo, sema, kakupiga, ana mwanamke, mmekosania nini, mbona umekuja na mkoba mmoja, mbona simu umeizima, sema nijue mimi ni baba yako, upande huu, upande huu, na binti anarudi nyuma mpaka friji imemzuia, mpaka akatoa, "Tumekosana kidogo tu, baba," haya, kidogo tu, hilo ndilo lililotoka, na yeye akalipokea kama mtu aliyeshinda, kidogo tu, akampigia dada yake, wamekosana kidogo tu, dada akapiga kwa kina mkwe, mtoto anasema ni kidogo tu, njooni mmchukue, na ile kidogo tu ikapanda gari ikaja na huyu wa funguo, gari limegeuzwa, linatazama getini...

"Mimi sikurudi?" dada anamwambia binti huko, sauti imepanda, yuko kwenye kile kipande chake anachokijua kwa moyo, "mimi nilikuja kwa baba yangu hivihivi kama wewe, nikarudi, nikakaa, sikufa, unaniona hapa," na binti, "Nimesikia, shangazi," na kaka wa mkwe, "Umesikia maneno ya mtu mzima, shemeji," chringi... ulirudi, dada, ni kweli ulirudi, nani anajua kuliko mimi, mkoba si niliubeba mimi, dobi anamjibu kwa midomo tu, sauti hana, ulikuja mchana wa jua kali, baba akafungua mlango nusu, akakuuliza mumeo yuko wapi, hukuwahi kuvuka kizingiti, hata maji ya kunywa hukupewa, baba akaniita mimi, nilikuwa nimeshaanza kazi kwa yule dobi wa zamani, niko tayari kutoka, akasema mrudishe dada yako kwake, na mimi nikaubeba mkoba, nikatembea mbele, wewe nyuma, njia nzima hukunena neno, na mimi nikafurahi kwamba hulii, mjinga mimi, nikadhani asiyelia hana kitu, tukafika kwako, ukaupokea mkoba mkononi mwangu ukasema, "Haya nenda, utachelewa kazini," kama vile wewe ndiye uliyenisindikiza... na tangu hapo, dada, tangu hapo kwa baba ulikuwa unakuja kumsalimia umesimama mlangoni, karibu ukae, nina haraka, karibu maji, nina haraka, mpaka baba anakufa hukukaa kiti chake hata siku moja, na leo umekaa kiti changu chenye mito unamfundisha binti yangu kurudi... tone. Likachelewa. Tone. Lo, hii kahawa nayo, unaweza kudhani imegoma, kumbe inakusanya, inajaa pale chini kwenye ncha ya kitambaa, inaning'inia, inang'aa, na ukiacha kuitazama ndipo inaanguka.

Ya mtungi wa pili hawakuikamua. Walikaa ngazi ya nyuma jua limepoa, binti akatia barafu kwenye glasi mbili, akamimina kahawa juu yake, barafu ikapasuka tak, akaongeza maji kidogo, akampa, na yeye akaipokea kwa adabu tu, moyoni anasema maji ya kuoshea sufuria haya, akapiga funda, akangoja uchungu uje, ukawa hauji, akangoja, kikaja kitu laini kimenyooka kama shuka lililotoka kwenye pasi, na nyuma yake utamu, na sukari hakuna, akaangalia chini ya glasi kama kuna sukari, hakuna, akapiga la pili, "Eh," akasema, na binti hakusema nimekwambia, alifumba macho tu, glasi ameishika kwa mikono miwili, mabega yakashuka, na dobi akayaona yakishuka na ndipo akajua kumbe muda wote yalikuwa juu, yamepanda mpaka masikioni, na hakumuuliza kitu, si kwa hekima, alikuwa amechoka, siku hiyo alikuwa na mapazia ya ukumbi, mdomo haufunguki, barafu ikawa inaongea peke yake kwenye glasi, na jioni ile ile, sasa dobi anakumbuka, midomo ikasimama, na mimi huku nje brashi ikasimama, kisha midomo ikarudi, jioni ile ile binti akiwa anaingia chumbani kwake alisimama akasema, "Baba, mlango wa chumba hiki unafungika kwa ndani?" na yeye akamjibu nini, alimjibu kuhusu komeo. Alisema komeo lipo ila limelegea, skrubu zimekula mbao, kesho nitaweka nyingine, na akatania, nani atakuibia humu, labda akuibie hiyo kahawa yako, na binti akasema, "Sawa, baba," akasukuma kiti mpaka mlangoni, alikisikia kiti kikikwaruza sakafu, alikisikia akaenda kulala... mlango unafungika kwa ndani. Mtu mzima, yuko kwa baba yake, nyumba ina watu wawili. Haulizi ufunguo wa nje, haulizi mwizi, anauliza kwa ndani. Kuna doa la mafuta ambalo nguo ikiwa mbichi hulioni, unaisuuza, unaianika, unaisifu, ni mpaka ikauke ndipo linajitokeza pale kifuani kubwa kama mkono, na hakuna dobi aliyewahi kulilaumu jua... alilisema, midomo ya dobi inasema, alilisema. Nilipomshika akatoa tope, nilipomwacha akadondosha lenyewe, moja, na mimi nikalijibu kwa skrubu. Na skrubu zenyewe sikuweka.

"Dobi," dada huyo, "hebu lete hivyohivyo ilivyo, mgeni ana safari," na kaka wa mkwe, "Mzee, kamua tu, hatubagui," chringi, na mikono, mikono haina akili, mikono imeshainuka, imeshakishika kitambaa juu na chini, kina baridi, kizito, kimevimba vile kitambaa kinavyovimba kikiwa na mengi, huu kulia huu kushoto, kuzungusha mara moja tu na glasi zitajaa, neno litasemwa, gari litatoka, ataketi... nilimwona, na hapo sikuwa nacheka, mishipa ya mkono wake ilikuwa imesimama... na mikono ikaachia. Aliiachisha kidolekidole, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye titi. Akaisweka kwapani, huu huku, huu kule, akaifungia humo, na kitambaa kikayumba, kikatulia, tone, na lile neno alilolipiga pasi tangu asubuhi akalitafuta akakuta limejikunja, halivaliki, rudi mwanangu, halivaliki, kuna jingine pale chini yake, bado linajikusanya, hajui litakuwa na umbo gani, mwanangu kaa, au wewe wa funguo nenda nyumbani kwako ukamwambie mdogo wako hivi, au kwanza kabisa bisibisi iko wapi, bisibisi iko kwenye droo ya vibanio, na zile skrubu ndefu, ndefu zile zinazoshika mpaka mbao ya ndani...

"Haijawa tayari?" dada akauliza.

"Bado."

"Bado nini sasa? Nimekwambia lete hivyohivyo."

"Hii haikamuliwi, dada," akasema, na hakupaza sauti, lakini sebuleni funguo zikanyamaza, na mimi kutoka kwenye ngazi naona mpaka ndani, mlango wa jikoni uko wazi, namwona binti ameinua uso kutoka mapajani mwake, anaangalia huku jikoni, na mabega, nayaona mabega, na yule kaka wa mkwe anaangalia saa, na dada mtu kwenye kiti chenye mito ameshika mto mmoja tumboni kama mtu aliyeshika mkoba, kahawa inadondoka, halafu akasema polepole, si kwa mtu fulani, "Basi siyo lazima leo," na dobi bado amesimama pale pale, mikono kwapani, miguu inamuuma vilevile, glasi hazijajaa, gari linatazama getini, na kitambaa kimejaa, na tone likajikusanya, likaning'inia...

Hilo la dada, la siyo lazima leo, nimelitia mwenyewe. Dada hakusema kitu. Mengine yote niliyaona.