Waya Mfupi wa Inveta ya Tatu

Inveta ya tatu iliungua tena Jumatatu, na kamati ya umeme wa jua hapa Mitundu ikaamua kwamba kosa ni la Alute, mlinzi wa mitambo. Walisema anawaunganishia watu mashine za kuchomelea kinyemela. Alhamisi saa kumi jioni wangekutana kumfukuza kazi. Mimi, fundi pekee aliyebaki kijijini, niliitwa nikathibitishe.

Nilikwenda kwa sababu niliitwa. Tangu nimzike mume wangu Damiani, wiki saba sasa, nafanya tu ninaloambiwa. Nakula nikipewa, nalala wenzangu wakilala, na chozi halijanitoka. Watu wanasema nimejikaza. Hawajui kitu.

Inveta, mashine za kugeuza umeme wa betri uwe wa majumbani, zimepangwa tatu ukutani, na kazi yake ni kugawana mzigo: kijiji kikivuta umeme, kila moja inachukua fungu lake sawa na mwenzake. Nilifunga ya akiba mahali pa iliyoungua, nikawasha, nikapima nyaya za betri. Ya kwanza ampea ishirini. Ya pili ishirini. Ya tatu sitini. Mwizi wa umeme angezielemea zote, lakini hii ilikuwa inaonewa peke yake.

Nikafuata nyaya kwa mkono. Mbili zilizunguka ukuta, mita sita kila moja. Wa tatu ulikatiza moja kwa moja, mita mbili tu, na umeme ni mvivu, unapenda njia fupi. Kwenye kiungo chake utepe mwekundu ulikuwa umezungushwa mara tatu, ncha imekunjwa. Ni Damiani tu, fundi aliyezifunga inveta hizi, aliyekuwa akifunga utepe hivyo. Mita nne zilizopungua nilijua ziliko: zinatoka kwenye paneli ya paa langu hadi sebuleni. Aliniambia kazinunua mjini.

Ningeweza kubadilisha waya na kunyamaza. Damiani angebaki na jina lake zuri, Alute angefukuzwa.

"Shikamooni," niliwaambia wanakamati Alhamisi jioni. "Alute hajamuunganishia mtu. Waya wa inveta ya tatu ulikatwa mfupi, ndiyo maana inabeba mzigo wa wenzake. Aliyeukata ni Damiani. Kipande kilichobaki kiko kwangu."

Nilisema hivyo kwa sauti kavu, bila kusikia chochote moyoni.

Mzee Amosi, mwenyekiti, alivua kofia. "Alute, na wewe ulijua?"

"Nilijua, mzee. Nilimshikia ngazi."

"Sasa mbona ulikubali kufukuzwa?"

Alute alinitazama. "Shemeji bado yuko kwenye msiba."

Hapo ndipo kitu kiliponipanda kifuani, na kilikuwa hasira. Mita nne za waya! Alute na watoto wake walale njaa kwa ajili ya taa ya sebule yangu! Nikatoka bila kuaga, mbio mbio hadi nyumbani, nikamgombeze Damiani. Nilikuwa nimeshashika komeo na kumwita kwa jina, ndipo nikakumbuka nimemzika.