Kioo Kilichopigwa Skrubu

Gari lenyewe halikuwa na injini. Walilitoa kwenye lundo la magari mabovu, wakalikata paa, wakaliweka juu ya matairi manne ya lori ndani ya ghala la zamani, kisha wakalipaka rangi mpaka likapendeza kuliko gari la polisi la kweli. Wanaume wawili walilitikisa kwa mtaimbo ili lionekane linakwenda. Wa tatu alipitisha tawi la mti mbele ya taa, kushoto kwenda kulia, akalirudisha, akalipitisha tena. Huyo ndiye aliyekuwa barabara nzima na miti yake yote.

Bubu alipoliona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa ameendesha magari ya polisi miaka ishirini na sita, na jina la Bubu alipewa na askari wenzake kwa sababu aliweza kwenda safari ya saa nne asifungue mdomo ila kupiga mwayo. Sasa alikuwa amestaafu, na watu wa tamthilia ya upelelezi walimchukua awaelekeze mambo yanavyokwenda. Aliwaelekeza. Aliwaambia milango ya nyuma haina vishikio kwa ndani, wakaving'oa. Aliwaambia askari hachomoi bastola kila anaposhuka garini, angekuwa ameshajipiga mguu zamani. Mwongozaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ambaye wote walimwita Mama Kata, alimsikiliza kuliko alivyowasikiliza waigizaji wake.

Balaa lilianzia kwenye chai. Mwandishi wa tamthilia, dada mmoja mpole asiyeachana na daftari lake, alimuuliza kama kuna safari asiyoisahau. Swali hilo Bubu alishaulizwa na watu wengi, na wote aliwapa kisa kilekile cha mlevi aliyelala kwenye buti wakamzungusha mji mzima. Siku ile, iwe ni ile chai au ni upole wa yule dada, akatoa kingine.

Alisema kulikuwa na dereva mmoja, mwenzake, aliyekwenda na sajini wake kumkamata mtu, na mtu mwenyewe akatokea kuwa ni mdogo wake, tumbo moja. Sajini alikuwa mgeni kituoni, hakujua. Kesi ilikuwa ya wizi wa matairi kwenye bohari, Jumamosi mchana. Na Jumamosi hiyo yule mdogo alishinda nyumbani kwa kaka yake, juu ya paa, akiziba mabati yaliyovuja. Dereva mwenyewe ndiye aliyemshikia ngazi. Ndani ya gari yule mdogo akasema, "Kaka, waambie nilikuwa kwako."

"Kaka akafanyaje?" mwandishi akauliza.

Hapo ndipo Bubu alipodanganya. Alisema yule dereva alisimamisha gari kando ya barabara na kumwambia sajini ukweli wote, mdogo wake akisikia.

Mwandishi alifuta macho, akaandika. Wiki tatu baadaye karatasi zikagawiwa, na Mama Kata akasema hana haja ya kutafuta mwigizaji wa kuwa dereva, kwani anaye mtu mwenye shingo ya dereva tayari. Watazamaji wangemwona kisogo, na macho kwenye kioo cha ndani, basi. Maneno yake yalikuwa machache: "Afande, Jumamosi huyu alikuwa kwangu." Bubu alitaka kukataa. Lakini angekataa kwa sababu gani ambayo angeweza kuisema?

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi kuliko maneno hayo. Mdogo wake alipomwita, yeye alinyanyua mkono akakigeuza kioo, kikatazama paa. Ni kawaida ya madereva wa polisi. Mahabusu akilia, akitukana, akitapika, unakipandisha kioo ili usimwone, unaendesha kwa vioo vya pembeni. Sajini hakushtuka. Kila mahabusu humwita dereva kaka. Hata wale wenye umri wa baba yake walimwita hivyo. Neno hilo lilipita masikioni mwa sajini kama adabu tu, na Bubu akaliacha lipite.

Alijiambia atasema wakifika kituoni. Kituoni akajiambia atamsubiri mkuu faragha. Kesho yake maelezo yalikuwa yameshaandikwa, na atakayesema leo ataulizwa jana alikuwa wapi. Halafu kulikuwa na cheo alichokuwa akikingojea mwaka ule. Aliyafungua maelezo hayo mkuu alipotoka, akasoma. Mdogo wake alikuwa ameulizwa Jumamosi ulikuwa wapi, akajibu, juu ya paa. Paa la nani? Hapo karani aliandika: hakujibu.

Mdogo wake alikaa rumande miezi kumi na minne, mpaka mwizi mwenyewe alipokamatwa na matairi mengine. Alipotoka alihamisha familia yake mji mwingine. Tangu hapo ilikuwa miaka tisa. Kwenye misiba walikaa pande mbili za uwanja, na salamu zilipelekwa na watoto. Cheo nacho hakikuja.

Asubuhi ya kupiga picha, kwenye kiti cha nyuma alikaa mwigizaji aliyeitwa Sabuni, kwa sababu ya tangazo la sabuni lililomfanya ajulikane nchi nzima. Mtaimbo ukaanza kazi, tawi likapita. Sabuni akainama mbele na pingu zake, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, waambie nilikuwa kwako."

Mkono wa Bubu ukanyanyuka, ukakigeuza kioo.

"Kata," alisema Mama Kata. Akaja mpaka dirishani. "Baba yangu, macho yako ndiyo picha yangu. Ukigeuza kioo mimi napiga picha ya dari."

Bubu akasema ni mazoea, akaomba radhi. Walirudia. Mkono ukanyanyuka. Wakarudia tena. Mara ya tano Sabuni alisema kama sura yake inachukiza kiasi hicho basi wamletee mfuko auvae, na watu wakacheka, hata wale wa mtaimbo. Bubu hakucheka. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto, na bado ulikuwa umechomoka.

Mama Kata akamwita fundi. Fundi akakipiga kioo skrubu mbili, akakitikisa, kikawa kigumu kama jiwe.

Mara ya sita mkono ulikwenda palepale. Ukasukuma, kioo kikagoma. Bubu akasukuma tena. Na ndani ya kioo kulikuwa na mtu mwenye pingu anayemtazama, asiyeondoka.

"Kaka, waambie nilikuwa kwako."

"Afande," Bubu akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Afande, Jumamosi huyu alikuwa kwangu."

Ghala zima lilipiga makofi. Mwenye tawi alilitupa chini. Mama Kata alisema kipaji kama hicho kilipotelea polisi bure. Walizima taa kubwa, wakaenda kula, naye akabaki ameshika usukani wa gari lisilo na injini. Alikuwa amegundua kwamba maneno yale hayafiki hata nusu dakika.

"Kaka," Sabuni akaita huku nyuma, "nifungulie basi, milango yako haina vishikio."

Bubu akashuka, akamfungulia.

Sehemu ile ilionyeshwa Jumapili, saa kumi alasiri. Mkewe alikuwa amewatangazia ndugu wote, hajui kilichomo. Gari lilipotokea, na tawi likipita vizuri kama miti ya kweli, alitabasamu. Dereva alipotaja Jumamosi, tabasamu likamwisha. Yeye ndiye aliyewapikia wote wawili siku ya paa. Wakati ule mumewe alimwambia, hili la kituoni niachie mimi, naye akamwachia.

"Hivyo ndivyo ulivyosema?" aliuliza.

"Hapana."

Mkewe alikusanya vikombe, ingawa chai ilikuwa haijaisha. Alipofika mlango wa jikoni alisema, bila kugeuka, "Mpigie."

Simu iliita muda mrefu.

"Tumeona," mdogo wake alisema, kabla ya salamu. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Nyumba nzima. Binti yangu analia hapa. Ananiambia, baba, kumbe baba mkubwa alikutetea, na wewe ukamnunia miaka yote hii."

"Nilimdanganya mwandishi. Sikusema kitu siku ile."

"Najua. Nilikuwepo."

Kwenye simu ilisikika televisheni ileile, tangazo lilelile, limechelewa kidogo.

"Kioo mbona hukukigeuza?" mdogo wake akauliza.

"Walikipiga skrubu."

Mdogo wake alitoa sauti ambayo miaka ya nyuma ingekuwa kicheko. "Laiti gari la kweli lingekuwa na skrubu hiyo," alisema. Kisha akaongeza: "Mimi siwezi kumwambia huyu mtoto kwamba baba yake mkubwa ni mwongo. Nimejaribu hapa, nimeshindwa. Zungumza naye wewe."

Simu ikahama mkono.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema binti, bado anavuta kamasi. "Asante."

"Marahaba, mwanangu."

Mkono wa Bubu ulinyanyuka wenyewe juu ya paji la uso, ukakuta hewa. Akaushusha gotini.

"Usinishukuru," akasema. "Kaa chini, nikuambie ilivyokuwa."