Usilie kwa Sauti

Sauti ya Madame Brigitte ilikuwa imeanza kumkimbia, na siri hiyo aliifunga kibindoni pamoja na umri wake. Noti za juu zilizowahi kumpeleka kuimba hadi Ulaya sasa zilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maana alimng'ang'ania Syntiche, binti wa mtaa wa Kamalondo ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuimba tangu utotoni. Jumapili askofu angekuja kwenye jubilei ya parokia, na Syntiche angeimba solo. Watu wangesema, huyu kafundishwa na Brigitte. Jina lake lingepata pa kuishi.

Alhamisi mama yake Syntiche, Madeleine muuza samaki wakavu kutoka Pweto, akafa ghafla.

Brigitte alifika kilioni na chupa ya chai ya tangawizi. Wenzake huanza na pole. Yeye alimvuta msichana nyuma ya nyumba.

“Usilie na nguvu, mwanangu. Sauti itapasuka. Funga mudomo. Siku ya askofu, dimanche, iko hapa.”

Syntiche hakuwahi kumkatalia mwalimu wake. Akarudi kwenye mkeka. Wanawake walijitupa chini wakimwita Madeleine kwa jina, naye akakaa kimya, akipumua kwa tumbo kama alivyofundishwa. Kumbe machozi nayo hayatoki bila sauti. Macho yakabaki makavu.

Kesho yake minong'ono ikaanza. Shangazi yake, Benita, hakunong'ona hata kidogo.

“Mutoto gani hana machozi ya mama yake? Mulozi tu ndiye anabakiaka ivi! Atuambie alimukula namna gani!”

Wanaume waliokuwa nje wakaingia. Mmoja akasema mchawi halali tena nyumba hii. Brigitte aliona mdomo wa Syntiche bado umefungwa. Hata hapo alikuwa anamtii! Aibu ikampanda Brigitte mpaka utosini. Angeweza kunyamaza na kuokoa heshima yake, lakini mtu akishaitwa mchawi, jina hilo halitoki kwa sabuni.

Akasimama. “Ni miye nilimukataza kulia.”

“Juu ya nini?” Benita akauliza.

“Juu ya solo. Juu ya jina yangu.”

“Na weye, haukuzaliwaka na mama?”

Brigitte akamgeukia Syntiche. Akapiga magoti mbele ya msichana, akamshika mashavu. “Lia, mwanangu. Lia yote.”

Syntiche akalia. Alilia kwa sauti yote waliyoijenga pamoja miaka mingi, ikapanda juu ya wanawake wote, majirani wakatoka barabarani. Brigitte aliisikia ikichanika, akaiacha ichanike. Benita ndiye aliyemkumbatia msichana kwanza.

Jumapili Syntiche hakuweza hata kuitikia amina. Askofu alikuwa ameshakaa, kwaya inasubiri, kwa hiyo Brigitte akaenda mbele mwenyewe. Kwenye noti ya juu sauti ikamkatika mbele ya parokia nzima. Kijana mmoja wa kwaya akacheka. Sasa wote wanajua, na asiseme mtu kwamba haikumuuma.

Benchi la tatu, Syntiche alikuwa amekaa katikati ya shangazi zake, kichwa kimelala begani kwa Benita. Brigitte akamtazama, akavuta pumzi, akaimba mpaka mwisho kwa sauti iliyobaki.