Vikonyo vya Hyasinta

Machi 1974 niligawa vikonyo kumi na viwili vya mtufaha, vijiti vya mbegu, nje ya soko la Kariakoo, kwa wakulima watatu waliokuja mjini mkutanoni. Nilivikata kwenye mti mmoja wa Lushoto, wa mwisho wa aina yake, ambao mizizi yake ilikuwa inaoza.

"Mkifika nyumbani msichelewe," niliwaambia. "Vibebesheni."

Hyasinta, mama wa makamo kutoka Njombe, alivifunga vyake vinne kwenye khanga akavibeba mgongoni. Wenzake, Elisaria na Theophil, wakacheka. Nilidhani anatania, sikumsahihisha.

Siku ya ishirini mti wa Lushoto ulianguka. Zikaja barua mbili: vikonyo vya Elisaria na vya Theophil vimekauka vyote. Vilibaki vya Hyasinta tu. Naye hakuwa ameondoka Dar. Mvua zilikuwa zimekata barabara.

Nilimfuata Mtaa wa Mchikichi, alikopanga mwanawe. Shomari, mwenye nyumba, alinipokea mlangoni.

"Bwana Shamba! Umekuja kumchukua mjukuu? Mchukue, wapangaji wangu hawapati usingizi. Analia."

"Kijiti hakilii, Shomari."

"Kamwambie yeye."

Hyasinta alikuwa uani, anachambua mchicha, khanga mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Polepole, amelala."

Nilimweleza kwamba kubebesha ni kuunganisha kikonyo na shina la mti mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema tuvibebeshe," alisema. "Nimbebeshe nani, na mwenye mgongo ni mimi?"

Katika joto la Dar kijiti kilichokatwa hukauka ndani ya siku kumi, na mtufaha hauchipui bila baridi. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini na tatu. Nilifungua khanga. Vitatu vilikuwa kuni. Cha nne kilikuwa na majani sita mabichi.

Nilikivuta. Hakikutoka. Aliyesogea ni Hyasinta.

"Mama, aina hii imebaki hapa tu."

"Najua. Kata, lakini usimalize."

Alishika ukingo wa karai la mchicha. Nilikata nusu ya juu, nikamfunga khanga yake kama nilivyoikuta.

Kikonyo kile kilishika Lushoto, juu ya shina jipya, na aina haikupotea. Julai, saa moja asubuhi, niliegemeza kipimajoto kwenye gome lake. Miche ya jirani ilikuwa nyuzi tisa. Mche huo ulikuwa thelathini na saba.